Cicely Williams, munganga aliyetetea ziwa la mama

Leo tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja aliyekufa zamani, lakini matunda ya kazi yake yako mpaka leo katika kila kituo cha afya. Jina lake Cicely Williams. Ni yeye aliyeingiza katika vitabu vya uganga neno kwashiorkor, ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na kugeuka nywele, ambao watu wengi wa mashariki ya Kongo wanauita bwaki.

Juu ya nini sendika ya wachimbaji inaleta habari ya munganga wa watoto? Juu kila siku ya mshahara wazazi wanauliza swali moja: mkebe gani wa maziwa ni mzuri kwa mtoto mchanga? Huu umeandikwa una DHA, ule una chuma na vitamini, mwingine una picha ya mtoto mnene anacheka, na bei inapanda kwa kila neno lililoongezwa juu ya karatasi. Baba anatoka shimoni na franka zake kidogo, anataka kumnunulia mtoto akili na nguvu. Munganga Williams alishughulika na jambo hili tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na yeye hakuchagua maneno laini.

Mtoto wa Jamaica

Cicely Delphine Williams alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 huko Kew Park, katika kisiwa cha Jamaica. Ukoo wake ulikuwa wa wazungu wenye mashamba, na sisi wenye akili tunajua kwamba mashamba makubwa ya Jamaica yalilimwa kwanza na watumwa waliotolewa Afrika. Alikulia katika raha, lakini alikulia pia karibu na watoto wa maskini, akaona tangu udogo jinsi wanavyougua na kufa.

Walimpeleka Uingereza kusoma. Alipata nafasi kwenye chuo cha Oxford, lakini akarudi kwanza nyumbani kuwasaidia wazazi wake, maana kisiwa kilikuwa kimepigwa na tetemeko la ardhi na dhoruba. Baba yake alikufa mwaka 1916, ndipo akaenda Oxford kusoma uganga. Ilikuwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Vijana wanaume walikuwa vitani, waganga walikosekana, na kwa sababu hiyo mlango ulifunguliwa kidogo kwa wanawake. Akamaliza masomo yake mwaka 1923.

Vita ilipokwisha wanaume walirudi na kuchukua viti vyao, na wanawake wakaambiwa hakuna kazi. Sisi wa migodi tunaijua hadithi hiyo: wakati wa shida mnaitwa wote, wakati wa faida wanaanza kuchagua. Cicely alitafuta kazi kwa muda mrefu. Alifanya kazi kidogo Ugiriki, kati ya wakimbizi, akasoma tena magonjwa ya nchi za joto huko London, na mwaka 1929 serikali ya wakoloni wa Kiingereza ikamtuma Gold Coast, nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Cheo chake kiliandikwa kuwa ni cha munganga mwanamke, na mshahara wake ukawa chini ya ule wa waganga wanaume. Kazi ni moja, mshahara ni mbili.

Mtoto aliyeondolewa juu ya ziwa

Katika lopitali ya watoto ya Accra, Cicely aliona kitu ambacho vitabu vyake havikumfundisha. Watoto wa mwaka mmoja mpaka minne waliletwa wakiwa wamevimba miguu, mikono na tumbo. Nywele zao zilikuwa zimekuwa nyembamba na nyekundu-nyekundu. Ngozi ilikuwa inabanduka kama iliyoungua. Mtoto hachezi, hacheki, hataki chakula, anakaa tu na huzuni kama mzee. Wengi walikufa.

Waganga wengine wazungu walisema ni pelagra, ugonjwa uliojulikana tayari katika nchi za watu wanaokula mahindi. Cicely hakukubali. Alipasua maiti za watoto kutafuta sababu, bila dawa za kujikinga tulizonazo leo, na siku moja alijikata akiwa katika kazi hiyo, vijidudu vikaingia damuni, akakaribia kufa. Alipopona alirudi kwenye kazi ileile.

Jambo lililomsaidia kuliko darubini ni kuuliza. Aliuliza wanawake wa Accra ugonjwa huu wanauitaje. Katika lugha ya Waga wakamwambia ni kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mwingine anakuja. Yaani mama amepata mimba nyingine, yule wa kwanza anaondolewa juu ya ziwa upesi, anabaki na uji wa mahindi peke yake. Tumbo linajaa, mwili unakosa. Kumbe jina lenyewe lilikuwa limebeba maelezo! Wamama walikuwa wanajua sababu kabla ya waganga.

Mwaka 1933 aliandika habari hizi katika jarida la waganga wa watoto, na mwaka 1935 akaandika tena katika jarida la Lancet, akitumia safari hii jina la Waga. Wakubwa wa uganga walimpinga. Ilichukua miaka mpaka wakubali. Huko Kampala, kwenye lopitali ya Mulago, munganga Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza sana ugonjwa huohuo, wakatoa kitabu kizima mwaka 1954. Mwaka 1952 waganga Brock na Autret, waliotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti ya safari yao katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwa ndani, na kuonyesha kwamba ugonjwa uko mahali pengi ambapo watu wanaishi juu ya mihogo, ndizi au mahindi bila kitu kingine. Kivu bwaki ilikuwa inajulikana vizuri. Hapa kwetu pia, mtoto anayeachishwa ziwa na kupewa bugali wa mihogo tu anaweza kwenda njia hiyohiyo.

Munganga Williams aliwapa wale watoto maziwa na chakula kizuri, na wale ambao hawakuwa wamechelewa sana walipona. Tushike vizuri jambo hili: maziwa yalisaidia mtoto mkubwa aliyekosa chakula. Kumwondoa mchanga juu ya ziwa ili apewe maziwa ya dukani ni habari nyingine, na habari hiyo alikutana nayo Asia.

Maziwa na mauaji

Mwaka 1936, baada ya kutoelewana na mkubwa wake wa kazi, Cicely alihamishwa kutoka Afrika, akapelekwa Malaya na Singapore. Huko aliona watoto wachanga, wa wiki chache au miezi michache, wanaokufa kwa kuhara na kukonda, na mama zao wana maziwa kifuani. Sababu ilikuwa biashara. Makampuni ya maziwa ya mkebe, Nestlé ikiwa kati ya zile kubwa, yalitangaza maziwa mazito ya sukari kuwa chakula kizuri cha mtoto. Wanawake waliovaa nguo nyeupe kama wauguzi walitumwa kuwatafuta mama waliozaa juzi na kuwashauri. Mama anaona nguo nyeupe, anaamini. Anaacha kunyonyesha siku chache, ziwa linakauka, na kutoka hapo hana njia ya kurudi kwa urahisi. Inabaki kununua.

Tuangalie sasa ndani ya mkebe ule kulikuwa na nini. Maziwa mazito ya sukari yanatengenezwa kwa kuyapunguza maji na kuongeza sukari nyingi ili yasiharibike. Karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Mengine yalikuwa yametolewa mafuta, na pamoja na mafuta zilitoka vitamini A na D. Mtoto asiyepata vitamini A anaweza kupofuka, asiyepata vitamini D mifupa yake inapinda. Huko Uingereza sheria ililazimisha mikebe ya maziwa mazito yaliyotolewa mafuta iandikwe kwamba hayafai kwa watoto wachanga. Kule makoloni matangazo yaliimba wimbo mwingine. Na bado hatujasema maji machafu, chupa isiyochemshwa, na maskini anayeongeza maji ili mkebe ufike mwisho wa mwezi.

Mwaka 1939 alialikwa kuzungumza kwenye klabu ya Rotary ya Singapore, mbele ya wakubwa na wafanyabiashara wa mji. Wengi labda walitegemea hotuba tamu ya mama mpenda watoto. Yeye aliipa hotuba yake jina la Maziwa na Mauaji. Aliwaeleza kwamba vifo vya watoto vinavyoletwa na matangazo ya uongo juu ya maziwa vinapaswa kuhesabiwa kama mauaji, na wanaoyaeneza, wawe wanajua au wanafanya uzembe, waadhibiwe. Ujasiri huo si mchezo. Ni sawa na mfanyakazi kusimama katika mkutano wa kompani, mbele ya wenye hisa, na kuhesabu maiti za shimo.

Watoto 20 wa gereza

Halafu vita ya pili ya dunia ikafika huko. Mwisho wa mwaka 1941 jeshi la Japani liliingia Malaya, na mwezi wa Februari 1942 Singapore ikaanguka. Cicely alifungwa katika gereza la Changi pamoja na wanawake na watoto wengi. Akachaguliwa kuwa kiongozi wa wanawake wa kambi. Polisi wa kijeshi wa Japani walimshuku, wakamchukua na kumweka miezi kadhaa katika vyumba vyao vya mateso, amefungiwa kama mnyama kati ya watu waliokuwa wanakufa. Alitoka na njaa, kuhara damu na ugonjwa wa beriberi, na miguu yake ilibaki na ganzi. Lakini alitoka.

Katika ile kambi ya njaa walizaliwa watoto 20. Hakukuwa na duka, wala mkebe, wala biberoni. Mama wenyewe walikuwa wamekonda. Wote 20 walinyonyeshwa. Wote 20 waliishi. Cicely alikuwa anarudia hesabu hiyo mpaka uzee wake, na sisi tunaona ni hesabu ambayo kila mama anayeambiwa kwamba hana maziwa juu amekonda angepaswa kuijua.

Baada ya vita, Shirika la Afya la Dunia lilipoanzishwa mwaka 1948, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuongoza kazi yake ya mama na mtoto. Alifundisha Beirut kwa miaka kadhaa, akazunguka nchi nyingi akisema neno lilelile: lopitali isimngoje mtoto aanguke, imfuate nyumbani, na mama aheshimiwe kama munganga wa kwanza. Mwezi wa Mei 1981, yeye akiwa na miaka 87, nchi za dunia zilikutana Geneva na kupitisha Kanuni ya kimataifa juu ya uuzaji wa maziwa yanayochukua nafasi ya ziwa la mama. Nchi 118 zilikubali, moja tu ikakataa, nayo Marekani. Kanuni hiyo inakataza kuwatangazia watu maziwa ya watoto wachanga, kuwapa mama mikebe ya bure ya kuonjesha, na kuweka picha za watoto juu ya mkebe ili kupamba biashara. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu ile hotuba ya Singapore. Cicely Williams alikufa Oxford tarehe 13 Julai 1992, akiwa na miaka 98.

Mkebe wa leo

Turudi sasa kwa swali la siku ya mshahara. Maziwa ya leo ya watoto wachanga si yale ya 1939, lazima tuseme ukweli. Tangu 1981 kuna kipimo cha kimataifa kinachoitwa Codex, kinachosema maziwa hayo lazima yawe na protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, chuma, madini ya iodi na vitamini. Vitu hivi vina maana kubwa, maana bila hivyo mtoto asiyenyonya hawezi kukua. Lakini kila mkebe halali wa mtoto mchanga unapaswa kuwa navyo, wa bei ya chini na wa bei ya juu. Kwa hiyo mkebe unaojisifu kwa chuma na vitamini unajisifu kwa kutii sheria.

Yanayobaki ni nyongeza. DHA ni aina ya mafuta yanayopatikana pia katika samaki na katika maziwa ya mama. Prebiotiki ni vyakula vya vijidudu vizuri vya tumbo. Wachunguzi waliolinganisha watoto waliozaliwa kwa wakati wao, wengine wakipewa maziwa yenye nyongeza ya mafuta kama DHA na wengine bila nyongeza, hawakuona faida iliyo wazi katika macho wala katika akili. Hazidhuru, lakini si sababu ya kumaliza mshahara. Na yale maziwa ya kukuzia watoto waliopita mwaka mmoja, Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2013 kwamba si ya lazima. Uji uliotiwa karanga na soya, samaki, mayai, sombe na mawese vinafanya kazi hiyo kwa mtoto aliyepita miezi 6, na ziwa la mama liendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Kuna watoto ambao mkebe ni wa lazima: mama amekufa, au munganga amekataza kunyonyesha kwa sababu ya dawa fulani. Mama mwenye virusi vya SIDA asiache mwenyewe kunyonyesha. Akifuata dawa zake kila siku anaweza kunyonyesha, aongee na muuguzi. Kwa yule ambaye hana njia nyingine, mambo ya kuangalia ni haya. Mkebe uwe wa umri wa mtoto, namba 1 kwa miezi 6 ya kwanza. Usiwe umefunguliwa wala kuvimba, tarehe isiwe imepita. Maziwa mazito ya sukari, maziwa ya unga ya watu wakubwa na unga wa kutilia katika kahawa si ya mchanga hata kidogo. Maji yachemke, na unga utiwe yangali moto sana, kisha yapoozwe. Kipimo kifuatwe, bila kupunguza unga. Kikombe safi ni bora kuliko biberoni, maana kinaoshwa vizuri. Kilichobaki baada ya saa 2 kimwagwe. Na hesabu ifanywe mapema: miezi 6 ya kwanza inataka karibu mikebe 40 ya gramu 500, pamoja na makala ya kuchemsha maji kila siku. Sisi tunaokunywa maji ya Lualaba na ya visima, tunaojua kipindupindu, tunaelewa kwamba nyongeza ya hatari zaidi haiandikwi juu ya mkebe. Inatoka katika ndoo.

Mtoto akionyesha dalili za bwaki, miguu kuvimba na nywele kugeuka, asinunuliwe mkebe. Apelekwe lopitali upesi. Kuna maziwa ya dawa, F-75 na F-100, yanayotolewa chini ya macho ya muuguzi, na hayo njo nyongeza yenye maana.

Mwisho tuseme la sendika. Mama hawezi kunyonyesha kama kazi inamkataza. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi mwanamke wiki 14 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini inampa mapumziko 2 ya nusu saa kila siku kwa kunyonyesha. Hiyo ni haki, mkubwa hamfanyii mama zawadi. Mama anayetwanga mawe au kuosha madini kando ya mto hana mkataba, lakini mtoto wake ana njaa ileile, kwa hiyo kamiti za wachimbaji ziweke kivuli, maji safi na wakati wa kunyonyesha pale pale pa kazi. Na baba, franka za ule mkebe wa tatu wa DHA, mnunulie mama samaki, maharagi na mafuta, umpokee ndoo ya maji na kuni, alale kidogo. Chakula cha mama ni chakula cha mtoto.